Lori la Baba na Geji ya Umeme

Nikikasirika huwa nakumbuka utoto, na wiki hii nimekasirika tangu Jumatatu. Wa rika langu mtanielewa. Tulipokuwa wadogo pale Mashimoni, Kibera, gari halikuwa kitu cha kubonyeza kitufe ukaondoka huku umeziba masikio kwa muziki. Gari lilikuwa mtu mzima. Lilisalimiwa, lilisubiriwa, na likinuna, nyumba nzima ilinuna nalo.

Baba alikuwa na lori la kijani la pua ndefu, ambalo tayari lilikuwa kuukuu siku aliyolinunua. Alibebea mchanga kutoka Machakos. Kwa kuwa halingeweza kupita kwenye vichochoro vyetu, alililaza Kawangware, kwenye uwanja wa rafiki yake. Jumamosi asubuhi mimi na dada yangu Mwende tulitembea naye hadi huko, tumebeba muthokoi wa mama, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Hata leo nikifumba macho nasikia harufu ya ile kabini: dizeli, vumbi, kiti kilichopasuka, na oili. Oili kushinda vyote, kwa sababu geji, yaani kipimo, ya presha ya oili ya zamani zile haikuwa na waya. Paipu nyembamba ya shaba ilitoka kwenye injini ikapita chini ya dashibodi, imebeba oili yenyewe, ya moto, hadi nyuma ya geji. Oili ndiyo iliyosukuma mshale.

Kabla ya safari tulipanda kwenye ngazi ya mlango, mmoja kila upande, tukachungulia. Injini ikiwa imezimwa, mshale ulilala kwenye sifuri. Baba akiwasha, tulihesabu wote watatu kwa sauti, na kabla ya tano mshale uliamka. "Msiponiambia umeamka, siendi," baba alituambia, nasi tuliamini kabisa kwamba mchanga wote wa Machakos unatungoja sisi. Tukirudi nyumbani tuliunda malori yetu ya waya, na kila lori lilikuwa na geji yake, kifuniko cha soda na njiti ya kiberiti. Kijana wa siku hizi huendesha hadi taa nyekundu iwake kwenye dashibodi, kisha anaipiga picha awaulize marafiki zake ni ya nini.

Siku moja ile paipu ilivuja, ikammwagia mama oili kwenye rinda lake jeupe la kanisani. Mama hakusema neno mpaka tukafika Kibera. Baada ya hapo alisema kwa miaka kumi.

Hapo ndipo baba alipoanza kufunga kila uzi aliouona, ile mikato ya kukazia bomba au skrubu. Lori likiharibika alikuwa akiunganisha mabomba ya maji mtaani, na mtu wa Mashimoni hahitaji kuelezwa ubaya wa bomba linalovuja: majirani wanatukanana, na mama yako anarudi na mtungi mtupu. Basi mfukoni mwa baba hapakukosa ile tepu nyeupe ya mafundi wa bomba. Uzi wa bomba, uzi wa tangi, uzi wa lori, zote alizizungushia tepu mara saba, akaikata kwa meno. "Usiuache uzi uchi," alituambia, na akanifundisha kuuzungusha nikiwa bado sijui kusoma vizuri. Nilijivunia sana kazi ile, na bado najivunia. Ama nilijivunia mpaka Jumatatu.

Sasa baba anakaa kwangu, Riruta Satellite. Miguu imemkataa. Lori ni langu, na bado linabeba mchanga. Kila jioni nikiingia, hanisalimu mimi kwanza. Anauliza, "Imeamka vizuri?" Anaulizia injini. Hana kingine kilichobaki cha kumtoa kitini, mama alishatangulia, na sauti ya lile lori likipita barabarani humfanya anyooshe shingo dirishani.

Mwezi uliopita paipu ya shaba ilipasuka mara ya mwisho. Nilizunguka Nairobi nzima kutafuta nyingine. Wauzaji walinicheka machoni. Ikabidi niende kwa Akinyi, fundi wa umeme wa magari pale Kawangware, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye wazazi wake walitoka upande wa Ziwa. Nilifika nimeshakunja uso. Mimi kupelekewa habari za oili na waya!

Akinyi alifunga geji mpya ya umeme. Mahali pa ile paipu alikaza kidude cha shaba cha kupima presha, wanachokiita sensa, akavuta waya mmoja hadi kwenye dashibodi. Mimi nikatoa tepu yangu mfukoni.

"Hapana, mzee wangu," akasema. "Hiyo usifunge tape. Sensa inapata earth, njia ya umeme kurudi, kwa hizo threads, chuma kwa chuma. Ukiifunga, geji itakudanganya."

"Msichana, nimefunga nyuzi kabla hujazaliwa."

"Najua. Lakini hii si ya maji. Wacha tu hivyo."

Nikawacha, kwa sababu alikuwa amesimama hapo. Siku mbili baadaye nikaona tone la oili kwenye ule uzi. Tone moja! Mngeniona nilivyofurahi. Nikaifungua sensa mwenyewe mchana kweupe, nikaizungushia tepu mara saba, nikakaza, huku nikinung'unika juu ya vijana wasiotaka kufundishwa.

Asubuhi yake nikafungua swichi, na kabla hata sijawasha injini mshale ukaruka hadi juu, ukakaa huko. Mtu niliyelelewa kwenye ngazi ya lile lori, niliyehesabu hadi tano kila Jumamosi, niliona mshale umeamka na injini imelala, nikasema nini? Nikasema kweli vya kisasa havina uvivu. Nikamwambia baba jioni kwamba injini imerudia ujana. Mzee akacheka hadi akakohoa.

Jumatatu, nikitoka Machakos na mchanga, mpira wa filta ya oili ulipasuka, oili ikamwagika yote bila mimi kujua. Nilisikia injini ikianza kugonga. Nilinusa kuungua. Nikatazama geji, mshale uko juu kabisa, nikaendelea. Iligonga zaidi, nikatazama tena, nikaendelea tena. Injini ikakamata palepale barabarani na haikuzunguka tena.

Nilivutwa hadi Kawangware, na nilianza kupiga kelele kabla lori halijasimama. "Akinyi! Takataka yako imeniua! Umeua injini ya baba yangu!" Watu wakatoka madukani. Nikamwita mwongo, nikamwita mtoto, nikawaambia wateja wake waondoe magari yao wakiwa bado nayo.

"Niaje, mzee," akasema, anafuta mikono. "Pole sana. Wacha tuone kwanza."

Akafungua boneti, akafungua sensa, akaiinua juu. Tepu nyeupe imejaa uzi wote.

"Nani amefunga hii?"

"Labda shetani," akasema mteja mmoja aliyekuwa akila mahindi, na watu wakacheka. Akinyi hakucheka. Aliibandua ile tepu, akafungua swichi, akaishikilia sensa ikigusa chuma cha injini. Kule kwenye dashibodi mshale ulishuka polepole hadi sifuri.

"Sasa ndio inasema ukweli," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. "Ni mimi," nikasema, kwa sauti ambayo sidhani hata yule wa mahindi aliisikia. Kisha nikaondoka bila kumwomba msamaha, na hilo linaniudhi hata kuliko injini. Jumanne fundi wa injini alifungua akaniita nione. Beringi zimeyeyuka, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imeliwa, na krenki ya lori la umri ule haipatikani popote. Lori limekwisha.

Jana jioni baba aliniuliza kama kawaida, "Imeamka vizuri?" Siku tatu nilikuwa nimejibu ndiyo. Jana nikakaa chini nikamwambia yote, tepu, mshale, kugonga, kelele za Kawangware. Aligeuka akaangalia dirishani.

"Huyo fundi ulimtukana mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi rudi kwake watu wakiwa wengi vilevile."

"Nitaenda kesho."

"Tepu nilikufundisha mimi," akasema.

"Lakini yeye aliniambia, baba. Aliniambia waziwazi."

Akatikisa kichwa. "Pole, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Nilitoka nje nikasimama barazani, hasira zimenijaa, na sikuwa na wa kumwagia. Enzi zetu, mtoto akiharibu kitu cha mzee wake alichapwa jioni ileile. Alilia, akapewa ugali, akalala, na asubuhi jambo lilikuwa limekwisha, hakuna aliyelitaja tena. Baba alikuwa na mkono mzito, nami niliuogopa utoto wangu wote. Siku hizi mkono huo hauwezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Nina miaka hamsini na mbili, nimeua lori lake, na hana nguvu za kunichapa.