Rufaa ya Daraja la Pili

Mume wangu aliniweka daraja la tatu. Nasema daraja la tatu la tenisi, pale klabu yetu ya Iringa, pamoja na watoto wa shule na karani mmoja mnene aliyeshika raketi kama mwiko wa ugali. Mume wangu alikuwa mmoja wa kamati iliyopanga madaraja, na wenzake walipomuuliza, "Na shemeji tumweke wapi?" alicheka akasema, "Huyo bado. Bado kabisa." Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiona ni kichekesho.

Bado! Mwanaume huyo ndiye aliyenifundisha. Tulipooana hakuwa na mtu wa kupigiana naye mpira jioni, akaniburura mimi, muuguzi niliyetoka zamu miguu imevimba, nisimame ng'ambo ya wavu nimrudishie. Nilimrudishia kwa miaka. Nilijua kila mpira wake kabla haujatoka kwenye raketi. Nilijua akichoka anapiga kulia tu, na sevu yake ya pili, ule mpira wa kuanzisha pointi, ni uji mtupu. Mkono wake niliujua kwa njia nyingine pia, maana nyumbani alinipiga. Sina sababu ya kuficha. Alinipiga kwa sababu ya chumvi kuzidi, kwa sababu ya kola ya shati, kwa kuchelewa sokoni. Nami nilikuwa na mdomo, sikumnyamazia, kwa hiyo nilipigwa zaidi.

Mtu atauliza, daraja la tenisi linakuumiza nini? Lilikuwa linaniuma hivi: daraja la kwanza na la pili ndio waliokwenda Mbeya kucheza ligi. Sisi wa tatu tulibaki kufagia uwanja. Na Mbeya ndiko alikokuwa mama yangu, kifua kimembana, hainuki kitandani, anampa salamu kila dereva wa lori anayekuja Iringa: mwambieni mwanangu aje nimwone. Niliomba ruhusa, nikapigwa. Nilifunga mzigo kimyakimya, nikapigwa, na mzigo akautupa uani kwenye tope. Yeye mwenyewe kila ligi alikwenda Mbeya, akalala huko, akarudi na mchele wa Usangu alioununua Igawa barabarani, na hata siku moja hakupita kumjulia hali mama mkwe. "Sikupata nafasi." Nilipika mchele ule huku natamani kummwagia sufuria zima usoni.

Nikiwa mchezaji wa timu angenizuia vipi? Angewaambia nini wenzake? Nikakata rufaa.

Klabu ile zamani ilikuwa ya wazungu, na walipoondoka walituachia uwanja wa udongo wa kichuguu, pipa la zege la kuushindilia, na sheria zao. Sheria ya rufaa ilikuwa rahisi. Ukisema umewekwa chini ya uwezo wako, unacheza seti moja na mtu wa mwisho wa daraja la juu yako, mbele ya kamati. Ukimfunga unachukua nafasi yake, naye anashukia yako. Mtu wa mwisho wa daraja la pili mwaka ule alikuwa mume wangu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima wa benki, mpole, suruali yake nyeupe imenyooshwa kwa pasi. Aliniambia, "Dada, sheria ni sheria. Utacheza na mzee wako." Nikaona anavyojizuia asicheke. Walikuwa na hakika haya itanifunga kabla mpira haujarushwa. Mke wa watu, mbele ya nusu ya mji, amkimbize mumewe huku na huku kama kuku? Walidhani nitaghairi, au nitampigia mipira laini aondoke na heshima yake. Mume wangu alirudi nyumbani anapiga mluzi. "Kacheze tu," akaniambia. "Ila ukinitia aibu utakiona cha mtema kuni."

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, na watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja. Nilivaa sketi ndefu ya kupita magoti, maana miaka ile vijana wa chama walikuwa wakiwapima wanawake sketi njiani, na pia ilinisaidia kuficha alama za mkanda. Niliikaba raketi. Haikuwa woga, haki ya Mungu. Ilikuwa hasira.

Tenisi ina sheria moja tamu sana: mpira ukimgusa mtu kabla haujadunda, pointi ni ya aliyepiga. Mume wangu alisogea wavuni huku akiwapungia rafiki zake, nami nikamtia mpira ubavuni kwa nguvu zangu zote. Pa! Watu wakacheka. Uliofuata ukampata pajani. Mwingine ukamgonga shingoni, akayumba.

"Ebo! Angalia unakopiga!"

"Samahani, mume wangu. Mimi bado kabisa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Uso wake ukabadilika, na huo uso mimi niliujua, watu wa klabu hawakuujua. Kuanzia hapo hakutafuta pointi tena, alinitafuta mimi. Alinipiga mpira wa tumboni, nikainama nikitapika hewa. Alinipiga mdomoni, mdomo wa chini ukapasuka, damu ikatiririka kwenye blauzi. Mwenyekiti akasimama: "Basi jamani, basi, huu si mchezo." Nikatema damu pale pale kwenye udongo, nikamwambia akae chini, seti haijaisha. Nilifurahi. Nyumbani nilikuwa napigwa peke yangu gizani nyuma ya mlango. Hapa nilikuwa naonwa, tena nilikuwa narudisha. Alipochoka akaanza kupiga kulia tu, kama nilivyojua, nami nikamsubiri huko huko. Nilimfunga sita kwa nne.

Hakunipa mkono. Tulirudi nyumbani. Nilipoinama kufungua kamba za viatu, alichukua raketi yangu akanipiga nayo kwa ubapa, kisha kwa ubavu, na nilipokinga kichwa mfupa wa mkono wa kulia ukalia. Mlio ule naujua kwa kazi yangu. Nilimng'ata paja, nikang'ang'ania hadi aliponiachia.

Hospitali wenzangu walinifunga plasta. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, kama tulivyozoea kuwauliza wanawake wote, "Umeanguka, siyo?" Nikasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Sikuanguka. Nimevunjwa na mume wangu kwa sababu nimemfunga tenisi."

Siku ya safari nilifika klabu asubuhi nikiwa na kikapu begani. Landrova imewashwa, timu imo ndani. Na kwenye kiti changu ameketi nani? Yeye, amevaa nyeupe tupu, kikapu cha chakula mapajani. Alikuwa amewaambia nimeanguka jikoni na nimempa nafasi yangu.

"Shuka," nikamwambia.

"Dada," mwenyekiti akaingilia, "utachezaje na mkono huo?"

"Nitakaa benchi, nitakuwa wa akiba. Rufaa yangu mliisikiliza au hamkuisikiliza? Kama yeye naye ana rufaa, aikate sasa hivi. Uwanja ule pale. Namcheza kwa mkono wa kushoto."

Mume wangu akainama nje ya mlango uliokuwa wazi, akanishika kola kunivuta asogeze mdomo sikioni mwangu. Sijui alitaka kusema nini. Nilimpiga kwa plasta, mdomoni, kwa uzito wote wa mwili. Maumivu yalinipanda hadi kwenye meno yangu mwenyewe, macho yakaingia giza. Yalipofunguka, mume wangu yuko chini, anapapasa udongo akitafuta jino lake. Nikamruka, nikapanda, nikakaa. Mwenyekiti alinitazama, akamtazama yeye, halafu akamwambia dereva, "Twende."

Mafinga tulipishana na malori ya mbao, Igawa wakashuka kununua mchele, mimi nikabaki nimeushikilia mkono usigonge bodi. Nilisikia furaha na maumivu kwa pamoja.

Mbeya waliniacha mlangoni kwa mama. Alikuwa amekonda, amebaki macho. Nikapiga magoti kumsalimu. "Ndaga, mwanangu," akaniitikia salamu kwa kikwetu, kisha akauliza kama desturi inavyotaka, "Mkwe wangu hajambo?"

"Nimemng'oa jino, mama."

Akanyoosha mkono, akaipapasa plasta kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Akagusa mdomo wangu. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

Usiku huo nililala miguuni pake nikilia kama mtoto.

Timu ilicheza, ikafungwa vibaya, na siku ya kurudi Landrova ikaja kupiga honi nje. Nikaanza kufunga kikapu, maana nilikuwa nimeomba kumwona mama, basi, na nilishamwona. Wapi pengine ningekwenda? Mama akasema, "Keti." Akajishika ukutani, akainuka, yeye ambaye majirani walikuwa wanamgeuza kitandani. Akachukua mchi wa kinu nyuma ya mlango, akatoka nao akiuburuza chini.

Nilimsikia akikohoa hadi nikadhani ataanguka. Kisha mchi ukapigwa kwenye bati la gari, kishindo cha kwanza, kishindo cha pili, na sauti yake ikafuata.

"Mwambieni mkwe wangu kiti chake hicho hapo, akichukue. Mtoto simpi."