Nilivyomlilia Levina Akiwa Hai

Mimi niliishia darasa la nne, maana mwalimu aliona nitampita. Hapa Kwihara hakuna fundi baiskeli wa kunifikia, na msibani hakuna anayelia kama mimi. Ni Mgogo, Wanyamwezi ni watani zangu. Babu zao wakipita kwetu na mizigo ya misafara mabegani, walitoa hongo kwanza, yaani ushuru wa njia, ndipo wapite. Mpaka leo Mnyamwezi akifiwa mimi naingia, nalala ndani ya kaburi, namwiga marehemu, na hakuna wa kunigusa.

Sasa Levina. Huyu ni mwanamke wa jembe. Matuta yake ya viazi utadhani kayanyoosha kwa kamba. Mwaka juzi, mvua za Januari, akashika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya choroko. Zahanati wakamwandikia barua aende hospitali mjini Tabora. Mumewe Lugembe, Mnyamwezi wa damu, akaichukua barua, akaitia mfukoni.

"Wakikukata titi, watu wataniita mume wa nani?"

Wiki ileile bibi shamba, dada mmoja Advera, akaja kugawa mbegu za viazi vyenye rangi ya karoti ndani. Akasema ile rangi mwilini inageuka vitamini A, inalinda macho ya watoto. Mtu akauliza, na saratani je? Advera akajibu kuna watafiti waliweka seli za saratani ya titi kwenye kisahani cha maabara, wakazimwagia ile rangi, na dawa za ukoo wa hiyo vitamini. Nyingine zikaacha kuzaana, nyingine zikafa.

"Ila hicho ni kisahani, ndugu zangu, siyo mtu..."

Lugembe alishanyanyuka. "Zikafa" ilimtosha.

Kusubiri viazi vikomae, akaagiza mawese ya Kigoma kwa treni, mekundu kama damu ya ng'ombe, eti rangi ni ileile, mkewe anywe kikombe asubuhi na jioni. Vilipokomaa, akavikata vipande, akavianika juu ya bati zima la nyumba vikauke viwe michembe. Alisema kiazi kikikauka kinasinyaa, basi nguvu yote inabaki imebanana humo ndani. Jua la Agosti likaichoma michembe ikapauka kama chaki. Rangi yenyewe ya kuua saratani imekwenda na jua, yeye anamlisha mkewe tu. Akili za wapagazi hizo!

Viganja vya Levina vikawa vya njano. Kile kitu cha choroko kikawa yai la kanga.

Siku moja akagoma. "Baba Minza, nipeleke Tabora. Nimechoka kunywa."

Lugembe akamwangusha chini, akamkandamiza kifua kwa goti, upande uleule wa titi, akambana pua na kummiminia mawese. Levina akakidaka kidole kwa meno mpaka mfupa. Lugembe akampigiza kichwa kwenye ukuta wa ghala. Binti yao Minza akaja kwangu mbio, gauni lina mafuta na damu, sikujua ipi ni ipi.

Ugomvi wa mume na mke, mtu baki akiingia anaambiwa toka. Mtani haambiwi.

Kesho yake asubuhi nikajifunga kanga kichwani, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba kaburi mbele ya mlango wa Lugembe.

"Levina weee! Umekufa na titi lako! Mumeo kaogopa kisu asichokatwa yeye!"

Majirani wakajaa. Wengine wanacheka, wengine wanamtazama Levina alivyosimama mlangoni, jicho limevimba, anashuhudia msiba wake.

"Mgogo ombaomba, toka kwangu!" Lugembe akatoka na mchi wa kutwangia.

"Leta na michembe, tuile matangani!"

Mchi wa kwanza ukatua begani. Wa pili mdomoni, nikatema meno mawili. Sikumrudishia makusudi, maana ningempiga mngekuwa mnamzika yeye. Minza anasema nililia kama mbuzi. Mtoto huyo hajui sauti ya mwanaume. Mchi wa tatu haukufika. Levina aliniokotea jembe, akageuza mpini, akampiga mumewe kiwikoni. Nikasikia *kwa!* kama muhogo unavunjwa.

Mzee Raymundi, mmoja wa wazee wa kijiji, akajipenyeza katikati. "Lugembe! Umemwaga damu ya mtani! Toa mbuzi hapahapa."

"Sitaki mbuzi," nikasema, midomo kama maandazi. "Nataka hongo, kama babu zake walivyotoa. Huyu mwanamke nimpeleke Tabora, na ile barua iliyo mfukoni. Leo hii."

Lugembe akatazama watu. Kumpiga mtani ni aibu. Kumnyima haki yake mbele ya kijiji kizima, hapo hata maji utaombea kijiji cha pili. Akatoa barua kwa mkono mzima.

Tulikwenda Tabora watatu, wote wa kutibiwa. Daktari, mama Najiat, alimpima Levina, akatoa nyama kidogo ipelekwe maabara. Majibu yaliporudi kuwa ni saratani, akamgeukia Lugembe mwenye plasta mkononi, aliyekuwa ameshamsimulia habari ya viazi na kisahani.

"Baba, seli nyingine zina mlango wa kupokea hiyo dawa, nyingine hazina. Na kiazi hakifiki kwenye uvimbe kwa nguvu ile waliyomwaga maabara. Mle viazi, ni chakula kizuri. Hii inataka kisu, na mmeipa miezi minane ya bure."

"Kwa hiyo mimi..."

"Kwa hiyo ukae nje," Levina akamkata. "Daktari, kata."

Wakakata titi lote na tezi za kwapani. Zikafuata dripu za dawa zilizomtapisha mpaka nyongo na kumng'oa nywele zote.

Msimu huu Lugembe ndiye anayeinua matuta, kiwiko kimepinda. Levina anakaa kwenye kigoda pembeni: "Hilo limelala, rudia." Anarudia. Daktari hajasema amepona. Amesema arudi kupimwa kila miezi mitatu, na kila miezi mitatu baiskeli ya kumpeleka ni yangu. Barua ya hospitali anaishika Levina mwenyewe.