Makamu wa Theodosia

Theodosia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Busunzu wanaotengeneza udaga, ule muhogo unaolowekwa, ukaanikwa, kisha ukasagwa unga wa ugali. Cheo alikipenda, na wala hakuficha. Asubuhi akiingia uwanjani, wanawake walichuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama Waha wanavyomwamkia mtu wa heshima. Walisema mwakeye, wakauliza habari za mume, za watoto, za mbuzi, na yeye akajibu moja baada ya nyingine bila haraka. Salamu ya namna hiyo haikatizwi. Anayeikatiza amekutukana.

Tatizo lake lilikuwa Kezia.

Kezia hakuwa na cheo chochote. Wazazi wake walitoka Burundi wakapata uraia huku, na yeye aliingia kikundini mwanachama wa kawaida, akapewa kisu amenye muhogo. Lakini uwanja mzima jina lililosikika lilikuwa hilo moja. Kezia, mkanda wa mashine unateleza. Kezia, huu umeiva au tuuache majini? Kezia, hebu njoo uone wingu hili. Naye alikwenda, anacheka, kisu mkononi. Mwanamke akikosa kazini, Kezia ndiye aliyepita kwake jioni kuuliza kulikoni, na kesho yake mwanamke huyo alirudi. Theodosia aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake, na roho ilimuuma kweli kweli. Yeye aliamkiwa, mwenzake aliitwa. Hahitaji kusoma sana mtu kujua ni nani kati yao aliyehitajika.

Alijaribu kumtafutia kasoro. Alisema Kezia anacheka mno kazini, tena anajipendekeza. Wanawake waliitikia ndiyo mama, kisha wakaenda kumwita Kezia.

Halafu akaja Mudathiri, mwenye duka la nafaka Kasulu mjini, mnunuzi wao mkubwa. Alivunja kipande cha udaga, akakinusa, akausifia weupe wake. Akauliza, bila ubaya wowote, ni nani anayeangalia uanikaji pale, maana mtu huyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Theodosia akamwonyesha kwa kidevu. Mudathiri akaenda kuzungumza na Kezia, na mazungumzo yakanoga, huku soda aliyofunguliwa mgeni ikipata joto mbele ya mwenyekiti.

Kumfukuza asingeweza, wanawake wangeondoka naye. Theodosia akawaza, akawazua, akaja na jambo ambalo hata shetani angelivulia kofia. Alimpa cheo.

Kwenye mkutano alisimama akammwagia Kezia sifa mpaka watu wakatazamana, akapendekeza awe makamu mwenyekiti. Kiti kikaletwa, Kezia akakalishwa pembeni yake. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na aliyejua ni aliyemvika peke yake. Maana desturi ya kikundi ilieleweka: kiongozi hamenyi wala haaniki, anakaa akasimamia. Tena kiongozi haitwi kwa kupayukiwa. Anaendewa, anaamkiwa hadi mwisho, ndipo anaelezwa shida.

Siku za mwanzo Kezia alinyanyuka mara kwa mara kutaka kushika kisu. Kila mara Theodosia alimkumbusha kwa upole kwamba anawaaibisha wenzake waliomchagua. Akakaa. Uwanja ukapoa. Theodosia akauita upoaji ule nidhamu, akalala usingizi mzuri.

Ikafika siku ambayo udaga umejaa kwenye maturubai, na kesho yake Mudathiri anakuja na gari. Rosa, bibi harusi mgeni kikundini, alikuwa akigeuza vipande upande wa bondeni alipoona mvua inateremka mlimani. Zamani angepiga kelele tu. Sasa alikimbia mpaka mbele ya viti, akachuchumaa, akaanza makofi. Akamwamkia mwenyekiti, akauliza mume, watoto, mbuzi. Kisha akamgeukia makamu, akaanza upya. Kezia aliona macho ya binti yule yanavyohangaika, akataka kuinuka. Theodosia akamshika goti, amwache mtoto wa watu amalize salamu.

Rosa alikuwa amefika kwenye watoto wa Kezia mvua iliposhuka.

Walikimbia wote, mwenyekiti mwenyewe akiwa mbele, lakini walikuwa wamechelewa. Mudathiri alipofika alikuta maturubai yanachuruzika na udaga umeanza kuvunda. Hakugomba. Alisema safari hii atajaribu Rungwe Mpya, akageuza gari likiwa tupu.

Wanawake walipotawanyika, Kezia alikuja akakaa chini, miguuni pa Theodosia. Theodosia alikwisha kuandaa majibu ya kila lawama, hata akaandaa la Rosa, kwamba binti yule angeitaja mvua kwanza, salamu baadaye. Lawama haikuja.

“Mama mwenyekiti, naomba univue hiki cheo,” Kezia alisema. “Bila cheo nilikuwa nakufaa zaidi.”

Theodosia akamwambia asimdhihaki, kwani hata wanunuzi walikuwa wakimtafuta yeye Kezia. Hakukusudia kulisema hilo, lilimponyoka.

Kezia akashangaa. “Mudathiri? Siku ile aliniuliza habari zako, mama. Alitaka kujua unaishije na hawa wanawake mpaka kila mmoja anafanya kazi kama ni shamba lake. Nikamwambia wewe hutubani. Kule Kasulu hakuna anayesema muhogo wa Kezia. Wanasema muhogo wa Theodosia, nami nilikuwa nikifurahi nikisikia.”

Theodosia alimtazama usoni kwa muda mrefu. Alitafuta kejeli, akatafuta kijicho hata chembe, kitu chochote ambacho angekitambua kwa kuwa na yeye anacho. Hakukiona. Akamwambia sawa, arudi kwenye kumenya.

Kezia akashukuru, akaenda kuzoa udaga ulioharibika. Theodosia akabaki amekaa, akimwonea wivu kuliko siku zote zilizopita.