Waliompa Cheo Hawapo

Siku hizi vilio vya misiba huko Mudzipela, mtaa wa Bunia, vinaanza kimya. Turubai linafungwa juu ya miti, viti vya plastiki vinapangwa, wanawake wanakaa kwenye mikeka karibu na ukuta, na kila anayefika anajitafutia nafasi. Kipaza sauti kipo mahali pake pa zamani. Mara kwa mara mtu anakigonga kwa kidole, kama anayebisha nyumba iliyohamwa, kisha anarudi kukaa.

Mahali hapo palikuwa pa Blanchard.

Alikuwa protokole wa misiba, mtangazaji wa wageni wakubwa. Zamani alikuwa katekista katika kijiji kimoja cha Djugu ambacho sasa kimebaki nguzo za kanisa na mashamba ya kahawa yaliyogeuka pori. Alifika Bunia pamoja na wengine waliokimbia, akiwa na koti moja na sauti yake, na sauti ndiyo iliyomlisha. Kwetu mkubwa akifika kwenye kilio hakai mpaka atangazwe. Akitangazwa, waliokaa wanainuka kidogo, naye anapelekwa kwenye viti vya mbele vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Blanchard alijua vyeo vya wote, wa leo na wa zamani. Waziri wa jimbo aliyedumu miezi mitatu alibaki kuwa Excellence. Mbunge aliyeangushwa na kura alibaki kuwa Honorable.

Fiacre, jirani yake fundi wa pikipiki, hakuchoka kumtania.

"Mwalimu, mimi nilikuwaka kapita, mukubwa wa classe, mu mwaka ya tatu ya primaire. Mbona haunitangazake?"

"Ukikufa nitakutangaza."

"Basi anza kujifunza, juu kikohozi hiki hakiniachilii!"

Walicheka. Kisha Blanchard akasema, kwa ile sauti yake ya mafundisho, "Cheo iko sawa ubatizo, Fiacre. Maji inakauka, alama inabakia."

Aliamini hivyo mpaka mzee Ephraïm alipofariki.

Ephraïm alitoka kijiji kile kile cha Djugu. Ndiye aliyekuwa ameandika kwa mkaa, kwenye mlango wa nyumba yake, namba ya simu ya Honorable Alexis, mbunge wa eneo lao. Wakati wa kampeni Alexis alikuwa amewaambia, "Siku ya hatari munipigie. Niko wenu." Siku ya hatari ilifika, Jumapili: wenye mapanga waliwavamia watu wakitoka misa. Ephraïm alijificha kwenye mtaro wa shamba, akapiga. Simu iliita. Akapiga tena. Iliita vizuri, bila kukatika, mpaka betri ikaisha. Yeye alipona; wengi wa kijiji hawakupona. Uchaguzi uliofuata Alexis alikosa kiti, lakini mjini waliendelea kumwita Honorable, na aliyeongoza kuita alikuwa Blanchard.

Asubuhi ya kilio, mjane wa Ephraïm, Mama Espérance, alimkuta Blanchard akipiga koti lake pasi.

"Mwalimu, yule mutu atakuja. Akikuja, umwite Alexis. Basi."

"Mama, mutu hawezi kumuvua mwenzake cheo mbele ya watu. Iko sawa ubatizo."

"Ubatizo inatoka kwa Mungu. Ile yake ilitoka kwetu. Siye njo tulimupa, na vidole vyetu mu wino. Sasa wale waliomupa wako wapi?" Aliangalia pasi. "Kila mara unasema Honorable, naona unawaamsha. Wanatoka mu udongo, wanapiga mustari, wanamuchagua tena. Uwaache walale."

Blanchard alimwahidi. Alijua pia kwamba wakubwa wakisikia amemshusha mwenzao hadharani, hakuna atakayemwita tena kwenye msiba wake. Lakini aliahidi.

Alexis alifika saa tisa alasiri. Hakuwa na jeep tena. Alishuka kwenye pikipiki, suruali ina vumbi hadi magotini, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa na Baudouin, aliyekuwa katibu wake, ambaye bado alimbebea mkoba. Wakasimama kwenye mlango wa turubai. Wakangoja.

Blanchard alishika kipaza sauti, na mdomo haukufunguka.

Baudouin alimjia kwa hatua za haraka. "Protokole, iko nini? Umesahau kazi yako?"

Kwenye mikeka kikongwe mmoja akasema bila kupunguza sauti, "Mukubwa amekwama."

"Magoti yake haijui kupinda bila mikro," akajibu mwingine, na kicheko kikapita chini ya vitenge vyao, kikafa mara moja.

"Alexis," Blanchard akasema.

Jina lilitoka kwenye spika likabaki hewani. Alexis hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kipande kilichobaki. Hata Mama Espérance, baadaye, alikiri kwamba magoti yake mwenyewe yalikuwa tayari yameanza kuinuka.

Labda ni kuona kule kusubiri kulikomsukuma. Blanchard akaendelea, polepole, kama alivyokuwa akisoma majina ya watoto wa komunyo.

"Alexis, aliyechaguliwa na Ephraïm. Na Patou. Na Clarisse, muke ya Patou."

"Hayuko," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka kwenye mikeka.

"Na Hubert wa kinu."

"Hayuko." Sasa walikuwa wengi.

"Na Wivine, mama ya mapacha."

"Hayuko."

Hakuna aliyelia. Walijibu kwa sauti ya chini, ile wanayojibia sala, na watu wa mtaa waliokuwa wakipita barabarani walisimama bila kujua kwa nini. Baudouin aliuweka mkoba chini. Blanchard aliendelea kutaja, nyumba kwa nyumba, kutoka kanisani kwenda mtoni, jinsi kijiji kilivyokuwa kimekaa.

Alipofika kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mto, Alexis alitembea hadi kwenye kipaza sauti. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Inatosha, mwalimu," alisema, na spika ikapeleka maneno yake kwa wote. "Simu niliisikia. Niliisikia yote. Lakini weye njo ulikuwa wa kwanza kuniita vile. Pale mbele ya kanisa, kura hazijapigwa bado. Ulisema, pokeeni Honorable wenu. Wakapiga makofi."

Wote waliokuwa kwenye mikeka walikumbuka makofi yale, kwa kuwa ni wao waliokuwa wameyapiga.

Alexis akaenda kukaa chini, ukingoni mwa mkeka, mbali na viti vyeupe. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyemfukuza. Blanchard alizima kipaza sauti, akakiegemeza vizuri kwenye nguzo, akatoka akipita kati ya viti, na katika viti vile vyeupe hakuna aliyekaa mpaka jioni.

Tangu siku hiyo Blanchard hajamtangaza mtu; leo yuko Aru, mpakani, kwenye depo moja nyuma ya forodha, anashona magunia ya kahawa.