Kuku Asiye na Firigisi

Mke wangu alivunjika mkono wa kulia wiki mbili kabla mgeni wetu hajafika kutoka Kabongo. Aliteleza kwenye saruji yenye maji nyuma ya nyumba, akaangukia kiwiko, na hospitalini wakamfunga plasta kuanzia bega hadi vidoleni. Sikutaka kuahirisha. Mgeni huyo alikuwa baba mkubwa wa msichana ambaye mwanangu anataka kumwoa. Baba mzazi wa msichana alifariki zamani, na neno la familia liko kwa huyu kaka yake. Mara mbili tulikuwa tumepanga aje kupokea posa yetu, na mara mbili barabara ikakatika kwa mvua. Mwanangu anafanya kazi Kolwezi na alikuwa amepewa likizo fupi. Niliangalia kalenda nikaona kwamba siku iliyotufaa sote ilikuwa Alhamisi moja tu.

Kwetu mkwe anayekuja mara ya kwanza hupikiwa kuku, na kuku huyo hupikwa na mama wa nyumba. Si dada, si jirani. Mkono ukiwa wa mwingine, mgeni hujiuliza mwenye jiko yuko wapi, na hata akijibiwa vizuri, swali limekwisha kuingia nyumbani. Dada zangu wawili walijitolea kupika, nikawakatalia kwa sababu hiyo. Nikawaza hivi: mkono wa mgahawa si mkono wa mtu. Hakuna atakayesema kwamba mpishi wa mgahawa amechukua nafasi ya mke wangu. Niliipima hoja hiyo siku nzima, sikuona mahali inapovuja.

Mke wangu alipaona kabla sijamaliza kueleza. Alisema watu wa mgahawa hawajui kuku wa mkwe ni nini, na kama nimeshikilia kwenda huko, basi nichukue jogoo wetu mweusi niwapelekee wampike huyo. Nilimwambia mtu haingii na jogoo kwapani mahali penye milango ya vioo.

"Kama mulango inakatala kuku," akasema, "itakatala na buko."

Buko ndio ukwe, na muko ndiye mkwe.

Mgahawa wenyewe ulifunguliwa karibuni hapa Kamina, kwenye barabara iendayo stesheni. Una vigae vinavyong'aa, mashine ya baridi, vitambaa vyeupe mezani, na orodha ya vyakula iliyofungwa ndani ya jalada la ngozi kama Biblia ya ndoa. Wakubwa wa ofisi za jimbo hula huko, na bei zake ni za watu wa aina hiyo. Nilikwenda siku mbili kabla, nikaonana na meneja, kijana wa suti aliyetoka Lubumbashi, nikampa karatasi niliyoiandika kwa Kifaransa. Kuku mmoja, wote kwenye sahani moja. Bukari, yaani ugali, ya kutosha watu wawili. Sombe ya majani ya muhogo. Meza ya pembeni, mbali na muziki. Maji ya kunawa yaletwe mezani. Saa saba kamili. Aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti na kusema hakuna tatizo lolote, wao wamezoea mambo makubwa kuliko hayo.

Sikuandika firigisi. Anayeagiza baiskeli haandiki kwamba iwe na mnyororo.

Ni lazima nieleze hapa, kwa sababu wanangu wenyewe nusu hawajui. Kuku wa mkwe huja na viungo vyake vyote, ili mgeni aone kwamba hakuna aliyetangulia kumwonja. Juu kabisa huwekwa firigisi, na hiyo ni ya yule mwenye neno. Anaitwaa kabla mtu hajagusa kitu, anaigawa mara mbili, nusu anakula na nusu anampa mwenyeji. Kisha mnakula, na mkishakula ndipo mnazungumza. Firigisi isipoonekana, maana yake ipo tumboni mwa mtu mwingine. Na mgeni ambaye hajala hana neno la kutoa, liwe ndiyo, liwe hapana.

Alhamisi tulifika saa saba kasoro dakika tano. Mgeni alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi; alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi na viatu ambavyo vumbi la Kamina lilikuwa limeanza kuvipaka. Alilala kwa ndugu zake karibu na soko, na saa tisa lori la mfanyabiashara mmoja lingemrudisha Kabongo. Kwa hiyo tulikuwa na saa mbili. Kwa mlo na mazungumzo zilitosha.

Meza ya pembeni ilikuwa imekaliwa. Mhudumu, kijana mwenye tai ya kipepeo, alitukalisha katikati, chini ya televisheni iliyokuwa inaonyesha watu wakicheza muziki. Nilimkumbusha karatasi. Hakuwa na habari ya karatasi yoyote. Meneja hakuwapo, alikuwa ametoka na suti yake na, nadhani, karatasi yangu mfukoni. Nikaomba sauti ipunguzwe. Mhudumu alisema rimoti imefungiwa ofisini. Akatuletea yale majalada ya ngozi, na mgeni wangu, kwa adabu ya mwalimu, akavaa miwani na kuanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza. Kila alichokitaja hakikuwapo. Samaki wa ziwani wameisha. Supu imeisha. Juisi ya nanasi, mashine imeharibika. Kwenye ukurasa wa tatu alifunga jalada na kuuliza kwa upole kama hiki ni kitabu cha mwaka huu.

Niliagiza upya, kwa mdomo, yale yale niliyoyaandika. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Saa moja ya kungoja na mkwe si sawa na saa moja ya kungoja na mtu mwingine. Jambo lenyewe huwezi kuligusa, kwa sababu hamjala. Basi tulizungumza juu ya mvua, juu ya daraja lililobomoka, juu ya treni. Tulizungumza juu ya treni mara mbili. Mashine ya baridi ilikuwa inampulizia shingoni, akainua kola ya koti. Nilimwita mhudumu aizime. Akaniambia ikizimwa hiyo, zinazimika zote, na wakubwa wa meza ile watalalamika. Nilimwita tena kuuliza chakula. Alisema kiko motoni. Mara ya tatu akasema kiko karibu na moto.

Saa nane na robo sahani zilitoka. Ya kwanza aliiweka mbele yangu, si mbele ya mgeni, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza. Niliisukuma upande wa pili wa meza. Bukari ilikuwa imetiwa kwenye kikombe na kupinduliwa, mlima mdogo wenye jani la kijani juu yake, kiasi ambacho mtoto angeomba aongezwe. Sombe ilikuwa vijiko vitatu, imechorwa duara kuzunguka sahani. Maji ya kunawa hayakuletwa. Tuliletewa karatasi mbili zenye unyevu na harufu ya sabuni, na mhudumu akatuonyesha mlango wa choo, mwisho wa ukumbi. Sikuweza kumsimamisha mzee apite katikati ya meza za watu akanawe chooni. Nilikwenda mwenyewe jikoni, nikarudi na bakuli la plastiki na jagi, nikammwagia maji kwa mikono yangu mimi mwenyewe. Watu wa meza ya jirani walitutazama. Yeye alinawa polepole, kidole kwa kidole, kana kwamba yuko kwake.

Kuku alikuja wa mwisho. Alikuwa vipande sita vyeupe, vyote vya kifua, vimepangwa kama tofali na kumwagiwa mchuzi wa manjano. Mfupa hata mmoja haukuwapo.

Mgeni alivitazama. Alichukua uma, akainua kipande cha juu, akatazama chini yake. Akainua cha pili. Hakuwa anatafuta kwa njaa. Alikuwa anatafuta kama mwalimu anavyotafuta jina la mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio. Kisha akaweka uma chini. Nikamwita mhudumu, nikamuuliza kwa sauti ndogo firigisi iko wapi.

"Kuku ya hapa inatokaka mu karto, papa," akasema, bila kujificha kabisa kwamba kuku wao ni wa katoni za barafu kutoka ng'ambo. "Inakuyaka bila mambo ya ndani. Njo iko hivi."

Mgeni ndiye aliyemjibu.

"Kuku bila firigisi. Basi mahindi yake ilikuwa inasaga na nini?"

Mhudumu alifikiri ni swali la kweli. Alisema labda kule Ulaya kuku hawali mahindi.

Hapo ningeweza kusimama na kueleza kila kitu, na mzee angenielewa. Lakini meneja alirudi wakati huo huo. Aliniona uso, akamvuta mhudumu kando, akasikiliza, akaja mezani akitabasamu. Alituomba radhi kwa maneno mengi ya Kifaransa, akasema hapa mteja ni mfalme, tumpe dakika kumi. Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia haina haja, kitu kinachohitajika hakinunuliki. Alikwisha kwenda. Kupitia vioo nilimwona mtu wake akipanda pikipiki na kuelekea sokoni.

Dakika kumi zilikuwa ishirini na tano. Hatukugusa chakula. Mchuzi wa manjano ulianza kuganda chini ya ile baridi, na ukapata ngozi juu. Mgeni aliniuliza kwa mara ya tatu kuhusu treni, nami nikamjibu kwa mara ya tatu, na wote wawili tulijua tunachokifanya.

Meneja mwenyewe ndiye aliyeleta sahani. Aliifunika kwa kawa ya chuma inayong'aa, akaiweka mbele ya mzee, akaifunua kama mtu anayefunua sanamu. Ndani mlikuwa na firigisi saba. Zilikuwa za kukaangwa, zimechomwa vijiti vya mishikaki, zimepambwa na vitunguu.

Mzee alizihesabu. Nilimwona akizihesabu, midomo yake ikisogea.

"Kuku moja," akasema, "firigisi saba. Muko, weye na minyi tulishaka zeeka. Hii kuku, hatuiwezi."

Alisema hivyo kwa mzaha, na meneja akacheka kwa moyo wote, akidhani amesifiwa. Mimi sikucheka. Firigisi moja iliyokosekana ni uzembe, unaweza kuombewa msamaha. Firigisi saba za kuku saba ambao hatujui waliliwa na nani ni kama kumletea mtu mabaki ya karamu za wengine ili anyamaze. Meneja hakujua. Na mimi niliyejua ndiye niliyemleta mzee mahali pale, kwa hoja niliyoipima siku nzima.

Saa tisa ilikuwa imebaki dakika tano. Nilimwambia mzee twende nyumbani. Nilimweleza sasa, bila kuzunguka, habari ya mkono wa mke wangu, plasta, na kwa nini nilikataa mikono mingine. Nilimwambia lori linaweza kungoja, nitazungumza na mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Ungeniambia tu mama iko na plasta," akasema. "Minyi ningekula ata miogo ya kuchoma, ku mulango yake, yeye aikale pale aniangalie. Ile njo mukono yake."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi; mtu mwenye hasira unaweza kubishana naye. Alisema lori la watu halingojeshwi. Nikamuuliza basi niwaambie nini nyumbani. Alisimama, akanishika bega.

"Minyi siyakula," akasema. "Leo hatukuonana."

Nilimsindikiza hadi penye lori. Alipanda mbele, karibu na dereva, akaniinulia mkono mara moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki za abiria zilinipigia honi njia nzima, kwa sababu nilitaka kupanga maneno na sikuyapata. Hakukataa. Hilo nililichunguza kutoka kila upande. Angeweza kusema tumemtukana, na kwa desturi angekuwa na haki. Badala yake aliifuta siku nzima, na mlo wake, na meza yake, isiwepo. Lakini kwa kuifuta alifuta pia jibu.

Mwanangu alikuwa amesimama uani. Kwa desturi yeye hahudhurii. Alingoja kutwa na shati lake jeupe, asikae lisije likakunjamana. Mama yake alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Hawakuniuliza tulikula nini.

"Alisema nini?" akauliza mwanangu.

"Hajala."

Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama chini. Kijana ameishi Kolwezi miaka sita, lakini hilo alilijua. Akafungua vifungo vya mikono ya shati, kimoja kimoja, akaniuliza wakubwa wake wa kazi atawaandikia nini ili wampe likizo nyingine, maana hii alikwisha kuwaambia ni ya kupeleka posa.

Nikamwambia aandike ukweli, kwamba posa haijapelekwa.