Kiti cha Jodari

Bwana niliyemwendeshea boti pale Bukavu, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, aliuza dawa wiki nzima, na Jumamosi akawa mwendawazimu. Ujanani, huko kwao, alikuwa akivua jodari baharini kwa mchezo tu. Sisi jodari tulimjua kwenye kopo, ameshakatwa na kutiwa mafuta. Kwa hiyo aliponiambia kwamba samaki huyo ana uzito wa ng'ombe na anaweza kuvuta boti nzima, nilisema "Ndiyo, Bwana," nikaendelea kusafisha moteri. Ziwa Kivu halina jodari. Yeye alilijua hilo, ila hakulisamehe ziwa.

Basi alifunga nyuma ya boti kiti cha jodari: kiti cha chuma chenye mkanda wa ngozi wa kumshika mvuvi, pamoja na ufito mnene wenye gurudumu la kukunjia uzi. Kiangazi chote tulizunguka bure. Moshi wa nyasi zilizochomwa milimani ulifunika kila kitu, hata vilima vya Rwanda ng'ambo havikuonekana, na upepo wa mchana ulitumwagia maji usoni. Tulipata visamaki vya kutia aibu. Lakini mvua za Septemba zikianza, vijito vinavyoshuka upande wa Bagira huingia ziwani vyekundu kwa udongo, na kambale wakubwa, wale wasio na magamba, wenye masharubu, huja hapo kula vilivyosombwa. Wiki hizo Bwana aliimba tangu asubuhi. Mimi nami nilizipenda, nasema kweli. Hewa ilikuwa imeoshwa, ziwa limetulia, na kazi yangu ilikuwa kukaa nikashika usukani.

Mwaka ninaousimulia, hata hivyo, moyo wangu haukuwa kwa kambale. Nilikuwa nimempenda msichana mmoja aliyejifunza kushona kwa masista, mwenye maneno makali na kicheko cha kusikika barabara nzima. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe, wa huko juu Walungu. Kwake yeye samaki hakuwa chakula, alikuwa ndugu wa nyoka. Alipoambiwa kwamba anayemposa binti yake anafuata samaki, tena si wa kuuza, alisema atashuka mwenyewe ajionee, kisha atatoa jibu la mwisho. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Walungu, mwenye ng'ombe, aliyekuwa akingoja nikataliwe.

Mama yangu akanikalisha chini.

"Ule muzee, usikule mbele yake. Usikalie kiti yake. Na usimuguse, hata kidole. Mukwe hagusake baba ya bibi yake. Unasikia?"

Nikasema nasikia.

Jumamosi mzee akafika gatini na binti yake, kofia kichwani, koti zito hadi magotini, bakora mkononi. Aliitazama boti, akakitazama kiti, akanitazama mimi.

"Sasa hii njo kazi? Mutu muzima anazunguka juu ya maji, anatafuta nyoka ya kucheza nayo?"

Bwana, ambaye mvua ilikuwa imemchangamsha, akamwita apande. Mzee hakutaka ionekane kwamba anaogopa maji, akapanda. Msichana alibaki gatini amejiziba mdomo, sikujua kama analia au anacheka. Kwa nilivyomjua, alikuwa anacheka.

Tulifika kijito kinapoingilia ziwani. Bwana akatupa uzi, tukaenda polepole, huku na huku, hakuna kitu. Njaa ikamshika. Akafungua mkanda, akainuka, akamkalisha mzee kwenye kiti na kumpa ufito.

"Wewe kamata kidogo. Mimi nakula mukate."

Hata hajameza tonge la kwanza, ufito ukapinda.

Mzee alipiga yowe. Nilitegemea Bwana amnyang'anye ule ufito mara moja. Wapi! Mchezo wao una sheria, na sheria hiyo aliiheshimu kuliko misa: anayeshika ufito samaki anapouma ndiye mwenye samaki, na mtu mwingine akimgusa tu, samaki hahesabiwi.

"Hapana gusa yeye!" akanipigia kelele, mkate mdomoni. "Samaki iko ya yeye! Hapana gusa!"

Basi nikawa na sheria mbili, ya mama na ya Bwana, na zote zilisema neno moja. Nikaganda kwenye usukani.

Mzee naye alikuwa amebadilika. Aliinuka kitini, mkanda haujafungwa, akajitupa nyuma kama mtu anayeshindana na ndama mkaidi, huku akimtukana samaki kwa matusi yote ya zizini. "Kuya! Kuya hapa, weye mutoto ya nyoka!" Kofia ikaenda na maji, hakugeuka hata kuitazama. Kisha kambale akapiga mbizi chini ya boti, ufito ukamvuta mzee mbele, na nikaziona soli za viatu vyake vyote viwili. Mtu yule wa milimani hakujua kuogelea hata kidogo.

Niliacha usukani. Nikamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, nikavuta, na sote tukaanguka ndani ya boti, yeye ameketi mapajani mwangu. Ufito hakuuacha. Alikunja uzi palepale, juu yangu, nami nimemkaza kiuno, mpaka kichwa kipana cha kambale kikatokea ubavuni mwa boti.

"Hapana hesabu!" akasema Bwana kwa uchungu, na hakutaka hata kumpima.

Njia yote ya kurudi mzee alimkazia macho kambale wake. Mimi niliendesha huku nikiiona harusi ya mwalimu, wageni wake na ng'ombe wake. Nilikuwa na huzuni ya kweli. Nilimpenda yule msichana, na baba yake nilikuwa nimembeba kama gunia la mihogo.

Gatini alishuka kichwa wazi, koti likichuruzika maji. Binti akamkimbilia, akauliza kwa kicheko kuna nini. Mzee akaninyooshea bakora.

"Ule ananikamata hapa." Akajipiga kiunoni. "Na mikono mbili! Nikamukalia juu ya mapaja, mbele ya muzungu."

Msichana aliacha kucheka.

"Pardon, Papa," nikasema. "Ungeanguka mu maji."

"Najua. Nani anasema hapana?" Akafuta uso kwa kiganja, taratibu. "Kama ulikuwa mugeni, ningekuambia aksanti, tunaachana hapa. Lakini mukwe mwenye kugusa baba mukwe, ule analipa mbuzi. Utaniletea mbuzi."

Mpumbavu mimi, nikaanza kumwomba radhi tena na kumweleza kwamba mbuzi sina. Msichana akapiga kigelegele, pale pale gatini, mbele ya Bwana na yule kambale asiyehesabiwa. Ndipo nami nikasikia mzee alivyoniita: mukwe.