Karatasi Isiyomjua Mjomba

Vijana wa gereji mjini Morogoro humwita Stambuli "Mkanada", naye huitika. Kanada hakufika. Alifika Gairo tu, na huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Stambuli ni Mluguru wa Mlali, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo kilichokuwa mali ya umma. Alianza kwa kufagia pamba chini ya mashine. Wakubwa walipouona mkono wake wakampeleka chuoni, akarudi na cheti. Halafu likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa kwa mtu aliyeahidi mitambo mipya. Aliing'oa ya zamani, akaiuza kama chuma chakavu, akafunga geti. Tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Mji uliokuwa ukifuma nguo zake ukaanza kugombania marobota ya mitumba.

Fundi mwenzake aliyetangulia Kanada akamwandikia kwamba wanatafuta mafundi, tena wanawapa makazi ya kudumu wao na familia zao. Stambuli akajaza fomu. Mahali pa watoto aliandika watatu: wawili aliowazaa na mkewe Mwanaasha, na Shadia, binti wa marehemu dada yake.

Hakudanganya. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba humsomesha, mjomba humwoza. Dada mtu alipofariki, Shadia akiwa bado hajang'oa jino, hakuna aliyeuliza mtoto aende kwa nani. Baba yake, Said, mfanyabiashara wa karanga mwenye asili ya Singida, alikaa matanga, akaaga, akarudi Gairo kwa mke mwingine. Wala hatukumlaumu.

Majibu yalipokuja, Stambuli aliyaleta kwangu, mzee wa ukoo, tuyasome pamoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wamekukataa?"

"Mimi wamenikubali. Wamemkataa Shadia. Wanasema si mwanangu mpaka mahakama iseme, na mahakama haisemi mpaka baba yake akubali."

"Baba yake tangu lini?"

"Ndiyo hayo, mzee."

Nilimwambia mambo ya ukoo hayapelekwi sokoni. Mwanaasha naye alikuwa na lake la kumwambia mumewe. "Baba Faraja, mwache kwa bibi yake. Twende sisi, yeye tutamtumia nguo."

"Nguo?" Stambuli akasema. "Siku ya kuolewa atasimamiwa na nguo?"

Akapanda basi la Gairo. Alimkuta Said anapimisha karanga. Said alimpokea vizuri, akaagiza soda. Stambuli akaeleza shida yake yote mbele ya wapagazi, maana kuomba faragha kungeonekana dharau.

"Shemeji, nielewe vizuri," Said akasema. "Wazungu wanasema mtoto ni wa nani?"

"Wako. Kwenye karatasi."

"Na serikali yetu?"

"Nayo vivyo hivyo."

Said akawageukia wapagazi. "Mnasikia? Miaka yote hii najijua mimi kwa Waluguru nilikuwa jogoo wa kuazima. Anapanda, anarudishwa kwao." Wakacheka. Stambuli akacheka nao kwa adabu.

"Basi nisaidie, shemeji. Weka saini."

"Nimkane leo, siku ile ile nilipoambiwa ni wangu? Kama Wazungu wenyewe wamekubali, mimi nani nikatae?"

Stambuli akarudi mikono mitupu. Mwanaasha alimbembeleza, baadaye akamtukana, mwishowe akawa anampakulia chakula bila neno. Mume hakuondoka. Muda waliompa ukapita, na nafasi yake Kanada ikapita nao.

Angalau, nilifikiri, mtoto amebaki.

Lakini jambo ukishamwambia mtu, huwezi kumwambia asahau. Vuli ilipokaribia, Said alikuja Mlali na lori dogo, cheti cha kuzaliwa cha Shadia mkononi na ofisa mtendaji wa kata pembeni. Wazee tulikusanyika. Zamani tungekaa, tungesikiliza upande wa mama, na neno letu lingekuwa mwisho. Siku hiyo tulikuwa kama watu waliokuja kushangaa gari.

"Baba mzazi ni nani?" mtendaji akauliza.

"Mimi ni mjomba wake," Stambuli akasema.

"Sikuuliza hilo, mzee wangu."

Nikaanza kumweleza mtendaji desturi yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akasema, "Babu, hayo ni ya kwenu nyumbani. Mimi nafuata cheti."

Shadia, binti wa miaka kumi na mitano, hakumtazama Said wala mtendaji. "Mjomba, mimi niseme nini?"

Kusema kaa, Stambuli hakuwa na nguvu hiyo tena. Kusema nenda, hakuweza.

"Msalimie baba yako," akasema.

"Shikamoo," Shadia akamwambia Said.

"Marahaba, mwanangu. Panda mbele, huko nyuma kuna vumbi."

Mwanaasha aliingia ndani akatoka na sanduku la msichana. Stambuli akalipokea, akalipandisha nyuma ya lori, akalifunga kwa kamba, akaivuta kuona kama imekaza. Kisha akazunguka hadi dirisha la dereva.

"Shemeji, Gairo kuna sekondari? Amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi huu."

"Shule ipo," Said akasema. "Tutaangalia."